Jinsi ya Kufungua Duka la Mtandaoni Rau na Usiuze Kitu

Kwanza uwe na duka la kawaida linalokwenda vizuri, pale Rau Madukani, ambako wateja wanakuita Mangi na wewe unajua nani analipa mwisho wa mwezi na nani anaahidi tu. Kahawa ya kusaga, asali, batiki, mchele wa skimu ya Lower Moshi, vyote vinatoka. Ndilo tatizo lako: vinatoka kirahisi mno. Tovuti italimaliza.

Programu usinunue. Programu huria za maduka ziko tele na ni za bure: osCommerce ilianzia Ujerumani mwaka 2000, Zen Cart ikachipuka humo mwaka 2003, PrestaShop ikatoka Ufaransa mwaka 2007, na mwaka 2011 kampuni ya WooThemes ya Cape Town ikatoa WooCommerce. Hiyo ya mwisho ndiyo fundi wako atakayokuwekea utake usitake, maana ndiyo aliyojifunza YouTube. Ukitaka kuonekana msomi, sema unataka Magento. Mwaka 2018 Adobe waliinunua kwa dola bilioni 1.68, na kuiweka kwa ajili ya vitenge vyako ni sawa na kukodi fuso lipeleke mkungu mmoja wa ndizi sokoni Kiborloni. Ila fuso linapendeza, hilo nakubali.

Sura ya duka nayo isikugharimu. Kuna zile za kulipia ambazo watu wameshazichakachua na kuzisambaza bure, chukua hizo. Mwanzoni hutaona tofauti. Baada ya muda, mteja akitafuta duka lako Google ataletewa saa bandia zilizotangazwa kwa Kijapani, nawe utajisifu kwamba biashara imevuka mipaka. Neno la siri weka jina la duka na 123, ili hata shangazi akumbuke.

WooCommerce huja na bidhaa za mfano ukizitaka: fulana, kofia, miwani ya jua. Ziingize, kisha uzisahau humo humo. Lazima atatokea kijana wa Pasua atakayeagiza kofia, na utajifunza mengi kuhusu subira ya binadamu.

Sasa bei. Programu ikishawekwa huonyesha tarakimu mbili baada ya nukta, hivyo batiki ya elfu kumi na tano itasomeka Sh 15,000.00. Bibi aliyeko Marangu, mwenye simu ndogo na miwani aliyoisahau kanisani, ataona milioni moja na nusu, ataguna, ataifunga simu. Dawa yake ipo kwenye mipangilio: pale penye 2 unaandika 0, unahifadhi, basi. Usiiguse. Au fuata desturi yetu Watanzania: futa bei kabisa uandike "njoo inbox". Programu iliyoandikwa kwa miaka, na watu wa mabara yote, ili mteja aone bei na anunue bila kumuuliza mtu, wewe unaitumia kumwambia akuulize.

Akishajaza kikapu, mpeleke kwenye fomu. Itamtaka aandike mtaa na postikodi. Za Kilimanjaro zinaanza na 25; zilizobaki atabahatisha. Anwani yake halisi, "ukivuka mto Rau ulizia kwa fundi baiskeli, halafu nipigie", haina mahali pa kukaa kwenye fomu ile, ingawa boda angefika nayo mlangoni. Namba ya simu ndiyo pekee inayohitajika kweli. Ifanye si lazima.

Upande wa malipo, utazikuta njia tatu za kuanzia: kuhamisha benki, hundi, na pesa taslimu mzigo ukifika. Hiyo ya tatu ndiyo inayomfaa mtu wa Rau, anayetaka kuushika mzigo, kuugeuza, na kuomba apunguziwe kabla hajatoa hela. Kwa hiyo izime. Washa hundi, ya kununulia robo kilo ya kahawa. M-Pesa iko Tanzania tangu 2008, na zipo kampuni za kati kama Selcom na Pesapal zinazoweza kuunganisha duka lako na simu za watu, lakini watakuuliza leseni na TIN, mambo ya kuharibiana siku.

Mengine ni madogo. Picha piga usiku. Kitufe cha WhatsApp kifiche chini kabisa.

Lililo kubwa ni kusasisha. Mwaka mzima dashibodi itakukumbusha kwamba programu-jalizi zako zimepitwa na wakati. Nyamaza. Ngoja wiki ya Krismasi, mabasi kutoka Dar yamejaa, Wachaga wote wanarudi nyumbani, na kila mmoja anatafuta zawadi ya mama. Hapo bonyeza "sasisha zote" kwa mkupuo, bila nakala ya akiba. Ukurasa utabaki mweupe kuliko kilele cha Kibo. Mpigie fundi: naye yuko kijijini, mbege imeshaiva, simu imezimwa.

Ukishindwa kuyafuata haya yote, utajikuta unauza. Programu yenyewe haina kosa. Nimeona maduka madogo yakiendeshwa nayo kwa nafasi ya seva ya bei nafuu kabisa, yenye bidhaa chache, nakala ya akiba kila wiki, na mtu anayepokea simu. Fanyeni hivyo kama hamna jinsi. Na jamani, bei andikeni.