Sifa za Chumba chenye Kila Kitu Ndani

Mnazi umesifiwa, ng'ombe wamesifiwa, na wakati wa kampeni hata barabara ya vumbi hupata wa kuisifu. Lakini bado sijamsikia mtu akisimama kukisifu chumba cha kupanga ambacho kodi yake ni "pamoja na umeme na maji". Huo ni utovu wa fadhila, hasa kwetu watu wa Wilaya ya Momba. Vijana wetu wanapopanda kutoka bondeni Msangano kwenda kutafuta maisha Tunduma, chumba hicho ndicho kinachowapokea, kuwatoa ushamba na kuwafunda.

Msangano kijana hukua bila kujua mambo. Nyumba ni ya baba yake, maji ya kisimani hayana bili, na usiku akiwasha tochi hamwombi mtu ruhusa. Hajui kwamba mwanga ni jambo la kuitishiwa kikao. Basi afike Tunduma, mji wa malori na wabadilisha fedha uliopakana na Nakonde ya Zambia, ambako dereva, wakala wa forodha na muuza chipsi wote wanatafuta pa kulala. Dalali anamwonyesha chumba cha koridoni, choo uani. "Elfu hamsini tu, bosi wangu, umeme na maji humo humo." Kodi ya miezi sita kwa mkupuo ni 300,000, na mwezi mmoja wa dalali 50,000. Kijana anatoa 350,000 kabla hajanunua godoro. Benki gani ingemfundisha kuweka akiba kwa kasi hiyo? Hela yote ya mpunga aliouza kwao sasa iko mahali salama, mfukoni mwa mwenye nyumba, ambako yeye mwenyewe hawezi kuichezea.

Lakini johari ya chumba hiki ni LUKU ya pamoja: mita moja, vyumba vinane. Mpangaji mwenye mita yake, asiyezidisha uniti 75 kwa mwezi, huweza kuwekwa na TANESCO kwenye daraja la matumizi madogo, akauziwa uniti kwa shilingi 100, mbali na kodi na tozo. Maskini, analala peke yake na unafuu wake! Sisi wa vyumba vinane tunazivuka hizo 75 mwezi ungali mchanga, na bei inatupandia sote bila ubaguzi. Mwenye nyumba hununua umeme wa mwanzo wa mwezi, kama alivyoahidi. Hakuahidi mwezi wake una siku ngapi. Umeme ukikatika tarehe 18, kikao kinakaa gizani na mchango unapitishwa. Na kwa kuwa tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa kwenye manunuzi ya LUKU, mpangaji asiyemiliki hata tofali moja naye huweza kujikuta akichangia kodi ya jengo la mwenzake. Heshima hiyo Msangano hatuna.

Chumba hiki pia kinajali afya. Tunduma iko juu, na baridi ya Juni na Julai humkuta kijana wa bondeni hana hata sweta. Hapo karatasi iliyobandikwa mlangoni inamlea: hita marufuku, pasi marufuku, jiko la umeme usilitaje, sabufa mwisho saa tatu usiku. Anaoga maji ya baridi alfajiri, na kabla ya jua kuchomoza yuko mpakani anahangaikia riziki, maana kurudi kitandani hawezi tena.

Na maji, je? Yamo. Mji umelalamikia uhaba wa maji miaka mingi, lakini uani kwetu kuna bomba, na bomba halijawahi kuhama. Siku yakitoka, tenki la mwenye nyumba hujaa kwanza, kwa adabu ya kutanguliza wakubwa, kisha linafungwa kufuli. Yasipotoka, muuza maji anakuja na madumu yake hadi mlangoni. Kwenye foleni ya ndoo watu wamepata wachumba, wengine wamepata kesi, mpweke hatumjui.

Wapo wanaotaka serikali iingilie kati. Iliwahi kuingilia. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilikuwa na mabaraza ya kusikiliza mashauri ya wapangaji, ikafutwa mwaka 2005. Siku hizi tunaelewana wenyewe kwa wenyewe, kwa mkataba wa ukurasa mmoja ambao nakala zote mbili hutunzwa na mwenye nyumba ili zisipotee.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Msangano, dalali akikuambia kila kitu kimo, usibishane naye, kweli kimo. Usikague dari wala usihesabu madirisha. Muulize jambo moja tu: rimoti ya LUKU, ile ya kuingizia umeme ulionunuliwa, inakaa chumbani kwa nani? Hapo ndipo ilipo serikali ya nyumba ile, na kila ulichoambiwa kimo kitakuwemo kwa idhini yake. Akikujibu kwamba anayo mwenye nyumba, naye anaishi ng'ambo, Nakonde, basi hongera, umepata chumba chenyewe hasa. Lipa miezi sita, na ukitoka hapo pitia dukani ununue taa ya sola.