Pokeeni Sifuri Yangu

Kwa Kamishna Mkuu,
Mamlaka ya Ushuru Nchini (KRA),
Times Tower, Nairobi.

KUH: RITANI YANGU YA KWANZA



Mimi ni binti wa Likoni, diploma mkononi, na tangu juzi nimekuwa mtu mzima kamili. Sikuolewa wala sikuajiriwa, na bado nalala chumba kimoja na wadogo zangu. Utu uzima wangu umetokana na kufaili nil. Nimeitangazia Jamhuri ya Kenya kwamba tangu Januari hadi Desemba ya mwaka uliopita sikupata mapato yoyote, na mtandao wenu ukanijibu papo hapo kwa stakabadhi rasmi yenye nambari, tarehe na jina langu lote. Nimeichapisha nikaiweka pamoja na cheti cha kuzaliwa. Sijawahi kupewa stakabadhi kwa kukosa.

Wengi huwaandikia kulalama. Mimi naandika kusifu, na kuomba jambo moja dogo ambalo nitalifikia.

Sifa ya kwanza imwendee aliyebuni lango la iTax, mtandao wenu wa kodi. Mtu hutia nambari yake ya PIN, hutia nywila, na kabla hajafunguliwa huulizwa hesabu, tuseme 58 kujumlisha 27. Naambiwa shabaha ni kuzuia roboti. Mimi naona mmegundua kubwa zaidi bila kukusudia: ofisi ya umma ambayo haimruhusu mtu kugusa mambo ya fedha mpaka aonyeshe kwamba anajua kujumlisha. Basi mbona hekima hii mmewatunukia walalahoi peke yao? Swali hilohilo libandikwe kwenye lango la Hazina ya Kitaifa na kwenye milango ya kaunti zote 47, na wenye kutia saini malipo walijibu kila asubuhi kabla ya chai. Kila mwaka ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hutaja matumizi yasiyo na stakabadhi. Nashuku wapo ambao wangeshinda nje na mlinzi hadi adhuhuri.

Nambari ya PIN nayo ni nzuri, herufi A, tarakimu tisa, kisha herufi nyingine ya kufungia. Mimi niliitafuta mwaka jana kwa sababu tangazo la kazi lilitaka niwe nayo. Wenzangu wengi waliipata mapema kuliko mimi, mwaka wa kwanza wa chuo, walipoomba mkopo wa bodi ya mikopo ya elimu ya juu, HELB. Hebu litazameni jambo hilo. Mtoto wa miaka 18 anakwenda kwa serikali kusema hana karo, na serikali, kabla ya kumkopesha, inataka kwanza aandikishwe katika orodha ya walipa kodi. Mara nyingi hakuna wa kumwambia kwamba kuanzia hapo, kila mwaka kabla ya tarehe 30 Juni kupita, anatakiwa arudi kusema bado hana. Akikaa kimya miaka minne ya masomo, siku ya kutafuta kazi anakuta anangojwa na faini, shilingi 2,000 kwa kila mwaka ambao hakusema kwamba hana kitu. Na hiyo ni bei ya huruma. Kabla ya sheria kulegezwa ilikuwa 20,000.

Kongole. Mwizi hushtakiwa kwa alichochukua na mkopaji hudaiwa alichokopa. Ninyi mmeweza kumdai mtu kwa utupu alionao, na mkampa tarehe ya mwisho ya kuuleta.

Baada ya kuuleta, kuna zawadi, cheti cha kutimiza wajibu wa kodi. Bila hicho kazi nyingi za umma hazigusiki. Mwombaji hutakiwa abebe cheti chenu, barua ya HELB, fomu ya tume ya maadili, EACC, ripoti ya kampuni ya taarifa za mikopo na cheti cha polisi cha tabia njema, yote kwa jina la Sura ya Sita ya Katiba. Sura hiyo iliandikwa mwaka 2010 kuwabana viongozi wenye mikono mirefu. Kiongozi ameipita na msafara wake, ving'ora mbele; aliyebanwa ni binti anayeomba ukarani. Nami sasa nimethibitishiwa na dola kwamba sidaiwi kodi ya mshahara ambao sijawahi kulipwa, ili nipate ruhusa ya kuomba mshahara utakaokatwa kodi. Siwalaumu. Karatasi ni safi, zina nembo, na zinapendeza ndani ya bahasha.

Sifuri lakini haijifaili. Wiki ya mwisho ya Juni saiba za Likoni, yale maduka ya intaneti, kama za kwingineko nchini, hujaa watu wanaolipa pesa ili iandikwe kwamba hawana pesa. Wengine wana simu nzuri tu mfukoni na wangeweza kujifailia wakiwa kitandani, ila mtu akiona neno "faini" vidole humtetemeka na huona heri amkabidhi mwenye uzoefu. Jamaa wa saiba yetu hana maneno. Humtazama mteja viatu, akabofya. Analo daftari lenye nywila za mtaa mzima, maana hakuna anayeikumbuka yake toka Juni hadi Juni, na siku atakapohama nusu ya Likoni itapotea machoni pa serikali. Mnapotoa tuzo zenu za walipa kodi bora, mkumbukeni. Kwa mtaa wetu yeye ndiye tawi lenu.

Sasa nije kwenye lililonikwaza kidogo. Nilipobofya kitufe cha mwisho nilikuwa nimethibitisha kwamba maelezo yote ni ya kweli na kamili. Ya kweli, sawa. Kamili, hapana. Fomu iliniuliza nilichopata, haikuniuliza nilichotoa. Kila nikinunua kredo ya shilingi 100, ushuru wa bidhaa ni asilimia 15, na kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ya asilimia 16 inakuja juu yake, hata takriban shilingi 25 zinakwenda kwenu kabla sijasema "halo". Kredo hiyo naitumia kuwapigia waajiri. Sabuni ya kufulia sare ya usaili ina VAT. Mafuta ya kupikia vilevile. Mama akinitumia nauli kwa simu, ada ya kutuma ina ushuru wa asilimia 15. Matatu inayonichukua inakunywa petroli yenye VAT na tozo ya barabara ya shilingi 25 kwa lita, na makanga hajawahi kusema nisilipie sehemu hiyo kwa kuwa mimi ni nil. Haki isemwe, kivuko cha Likoni twavuka bure kwa miguu, na kila nikishuka ng'ambo ya pili najiambia kredo yangu imerudi kidogo.

Kwa hiyo mkiniona kwenye daftari lenu nimelala kama sifuri, msidhani nawatazama tu mkifanya kazi. Sifuri yangu ina makato.

Niruhusuni pia nimtaje binamu yangu, kwa sababu yeye alifanya kosa la kupata kazi. Ilikuwa ya kukusanya takwimu kwa shirika fulani, malipo ya mara moja, shilingi 40,000. Shirika likakata kodi ya zuio ya asilimia 5, yaani 2,000, likawaletea. Mwaka mzima hakuambulia nyingine. Hapa sheria ni njema, na nimeisoma. Shilingi 24,000 za kwanza kwa mwezi hutozwa asilimia 10, ambayo ni 2,400, na nafuu ya kibinafsi ni 2,400 hiyohiyo, kwa hiyo mtu ambaye mapato yake ya mwaka hayazidi 288,000 hadaiwi hata ndururu. Zile 2,000 ni mali yake. Kilichobaki ni kuziomba.

Kuziomba si nil ya kubofya. Ni fomu ya Eksel yenye karatasi nyingi, ambayo haifanyi kazi mpaka makro ziwashwe, na kila karatasi lazima ihakikiwe kabla fomu haijakubali kutoa faili la kupakia mtandaoni. Kompyuta aliyoazima haikuwa na Eksel. Alipopata yenye Eksel tukakaa wawili, mimi nikimsomea, yeye akijaza, tukafika mahali fomu inapouliza iwapo angependa kutangaza mapato ya mke wake. Binamu ana miaka 23. Hana mke wala mchumba, na sababu ya kutokuwa naye inasomeka kwenye fomu hiyohiyo, pale penye jumla ya mapato. Alicheka hadi akaifunga kompyuta. Kesho yake akapita saiba peke yake, na jamaa, kwa mazoea ya mkono, akambofyia nil. Hivi sasa kwenu ameandikwa kwamba hakupata kitu, na ile 2,000 mnayo.

Tafadhali ilinganisheni na 2,000 nyingine, ile ya faini. Hiyo haihitaji Eksel wala makro. Haimuulizi mtu habari za mke. Tarehe ikipita hujiandika yenyewe, na anayedaiwa huja kuikuta. Yeyote aliyewajengea mtambo huo ni fundi hodari, nami naomba ahamishiwe dawati la marejesho, hata kwa wiki moja.

Kuna suala la mwezi. Mamlaka yenu ilianza kazi tarehe 1 Julai 1995, na ritani zetu zinafungwa tarehe 30 Juni, mkesha wa siku yenu ya kuzaliwa. Nimewaletea sifuri, kwa mwaka huu ndiyo niliyokuwa nayo. Lakini Juni kwa watu wa rika langu ina tarehe nyingine pia. Mwaka 2024 vijana waliusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakaufasiri kwa lugha za nyumbani, wakafafanuliana VAT ya asilimia 16 iliyopendekezwa juu ya mkate. Tarehe 25 walijaa barabarani, na wapo waliopigwa risasi wasirudi kwao. Tarehe 26 Rais akatangaza kwamba hatautia saini. Sina mzaha wa kuweka hapo. Nimeyataja ili msije mkadhani sifuri mnazoletewa zimeandikwa na watu wasioweza kusoma jedwali.

Ombi langu ni kisanduku. Kimoja tu, chini ya ile sifuri, chenye maneno "Kwa nini?" na nafasi ya kuandika mistari mitatu. Nchi hii haichoki kuunda kamati na majopo ya kuchunguza kwa nini vijana hawana kazi, na majopo hayo hulala hotelini yakitafuta data. Data mnayo ninyi. Kila mwaka inajileta yenyewe hadi mlangoni, ikiwa na jina, tarehe ya kuzaliwa na anwani, na mwenyewe amethibitisha kwamba ni kweli. Sidhani kuna mtafiti aliyewahi kuwatisha wahojiwa wake kwa faini ya 2,000 wasipojibu; ninyi mmefanya hivyo miaka yote, mkapata majibu, kisha mkauliza swali moja tu ambalo jibu lake mlilijua.

Mkishauliza, zihesabuni. Kila Julai hutoka taarifa yenu ya mabilioni yaliyokusanywa, na magazeti huyapanga kwenye kurasa za mbele. Siku hiyohiyo, kwenye taarifa hiyohiyo, tangazeni na idadi ya nil, kaunti kwa kaunti, za wenye umri wa chini ya miaka 35. Waziri wa Fedha aisome bungeni siku ya bajeti, baada ya kupigwa picha na mkoba wake. Atakayesema nambari hiyo ni siri ya mlipa kodi, mwambieni wenyewe tumekubali itajwe.

Jibu langu la kisanduku nimekwisha liandika. Limezidi mistari mitatu kidogo, kwa kuwa ndani yake mna mwajiri aliyetaka uzoefu wa miaka mitano kwa kazi ya kupokea simu, na mwingine aliyetaka "kitu kidogo" ambacho kilikuwa kikubwa kuliko mshahara wenyewe. Nitalipunguza.

Nikiajiriwa nanyi mtajua kabla ya mama. Mwajiri atakata kodi ya mshahara, PAYE, asilimia 1.5 ya nyumba nafuu, 2.75 ya bima ya afya, SHIF, na akiba ya uzeeni, NSSF, halafu atanipa karatasi ya malipo nisome kilichosalia. Sina kinyongo. Nitapenda sana kukatwa.

Wenu asiyedaiwa,
Binti wa Likoni

Nakala: Waziri wa Fedha; Waziri wa Leba, kwa taarifa na hatua ikiwezekana; jamaa wa saiba, ahifadhi; mama, aliyetoa pesa ya kufaili.