Namna ya Kumchomea Mgeni DVD ya Linux Bila Kumuunguza

Ukisikia neno kuchoma, kumbuka kwanza mahindi. Muuza mahindi anayeijua kazi yake hapulizi makaa mpaka yatoe ndimi za moto. Anageuza, anasubiri, anageuza tena, na punje zinaiva mpaka ndani. Mwenye papara anakupa hindi jeusi nje, bichi ndani, kisha anashangaa mbona hurudi kununua.

Wachomaji wengi wa diski za Linux ni wa aina hiyo ya pili. Watakuhutubia juu ya programu huria toka Ubungo mpaka Kibaha, lakini diski wanayomkabidhi mgeni haiwaki. Na mgeni hasemi diski ni mbovu. Anasema Linux ni mbovu, anarudi kwenye nakala yake ya Windows isiyo na leseni, na hamumwoni tena. Kwa hiyo mwongozo huu ni wako wewe mtaalamu. Mgeni mwache apumzike, atahitajika baadaye.

Anza kwa kuchagua cha kuchoma, na hapa weka mapenzi yako kando. Mfumo unaoupenda wewe, ule wa kuandika amri ishirini kabla kioo hakijaonyesha kitu, si wa kumpa mtu siku ya kwanza. Mimi huwachomea wageni Linux Mint, toleo lenye mazingira ya Xfce. Mint ilianzishwa na Mfaransa Clement Lefebvre mwaka 2006 na imejengwa juu ya Ubuntu, nayo Ubuntu imejengwa juu ya Debian. Menyu yake iko chini kushoto, pale mkono wa mtu aliyezoea Windows unapokwenda wenyewe. Inataka prosesa ya biti 64 na RAM ya GB 2 kwa uchache, ingawa kwa GB 4 ndipo inapopumua. Jambo jingine ni kwamba faili lake ni la GB 3 hivi, na DVD ya kawaida inabeba GB 4.7. Ubuntu 24.04 ya kompyuta za mezani imepita GB 5. Hiyo hata uisukume kwa goti haitaingia.

Utauliza, mbona tusimpe flashi? Mpe, kama mashine yake inakubali kuwaka kwa flashi. Baadhi ya kompyuta kuukuu zinakataa. Tena flashi ya mtaani haina mwenyewe: leo ina Linux, kesho imefutwa kuwekewa muvi, keshokutwa imepita steshenari na kurudi na virusi. DVD ya kuandikwa mara moja ikishachomwa, hakuna kirusi kinachoweza kuongeza wala kupunguza kitu ndani yake. Kwa mtu anayeanza, huo ni usalama wa kweli.

Haya, umepakua. Bando limeisha, mtandao umekatika mara tatu, na faili limefika. Usikimbilie kuchoma. Kando ya faili hilo wenye Mint wameweka namba ya uhakiki iitwayo SHA-256, mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256. Kwenye Linux andika sha256sum na jina la faili. Ukipata mfuatano uleule, faili ni zima. Ikitofautiana hata herufi moja, usijibembeleze kwamba kasoro ni ndogo. Pakua upya.

Sasa tumefika kwenye kosa lililowafukuza watu wengi kuliko yote, na mtaalamu mwenye mbwembwe halioni kwa sababu linafanana kabisa na kufaulu. Faili ulilopakua linaishia na herufi ISO. Ndani yake mna diski nzima: sehemu ya kuwashia mashine, folda zote, kila kitu mahali pake. Mtaalamu wetu analiburuta faili hilo, analidondosha juu ya alama ya DVD, anabonyeza kuchoma, trei inatoka, anatabasamu. Alichopata ni DVD yenye faili moja tu kubwa ndani yake. Kompyuta ya mgeni itaitazama, haitaona pa kuanzia, itaipita na kuwasha Windows kama kawaida. Ni sawa na kumwekea mgeni gunia la mchele lililoshonwa mdomo katikati ya sinia na kumwambia karibu wali.

Kinachotakiwa ni kuchoma taswira ya diski, yaani kulifungua lile gunia na kupika. Kuanzia Windows 7, bofya faili la ISO kwa kitufe cha kulia, chagua amri ya kuchoma taswira, na uweke tiki kwenye kisanduku cha uhakiki. Ukimaliza, fungua DVD utazame. Ukiona folda nyingi zenye majina ya ajabu, umefaulu. Ukiona faili moja linaloishia na ISO, umeshona gunia.

Kuhusu mwendo, rudi kwa muuza mahindi. Leza inachoma rangi iliyofichwa ndani ya plastiki, na kifaa kilichochoka kikikimbizwa kinaacha madoa yasiyosomeka. Kama programu yako ya kuchomea inakuruhusu kuchagua mwendo, chagua 4. GB 3 zitaisha kwa dakika 10 hivi. Kwa mwendo wa 16 ungeokoa kama dakika tano, na dakika tano hizo utazilipa kwa kuchoma upya.

Kisha iwashe kwenye mashine yako mwenyewe kabla haijatoka nyumbani. Bonyeza F12 kama ni Dell, au F9 kwenye HP nyingi, mara tu unapowasha, uchague kiendeshi cha DVD. Mint itafunguka yote kutoka kwenye diski bila kugusa diski kuu. Hapa itakuwa nzito, maana DVD husomwa polepole, na hilo mwambie mgeni mapema asije akadhani ndiyo kasi ya maisha yake yote.

Juu ya DVD andika kwa maka pen jina, toleo na tarehe. Bolpeni weka mbali, hasa ukichoma CD, maana data ya CD iko chini tu ya upande wa maandishi na ncha ngumu inaitoboa. Na usiandike "Linux" peke yake. Baada ya mwaka utakuwa na diski sita za jina hilo.

Siku ya kufunga Mint kwenye kompyuta ya mgeni, nenda naye, na jambo la kwanza liwe kunakili picha na nyaraka zake kwenye diski ya nje. Chaguo la kufuta diski nzima linafuta kweli, picha za harusi zikiwemo. Baada ya hapo kaa pembeni umwachie kipanya. Akimaliza, mfungulie LibreOffice, ambayo huja pamoja na Mint, umweleze kwamba ni mzao wa OpenOffice, ileile ambayo mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliileta kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Ajue kwamba kabla yake wapo waliomtayarishia njia kwa lugha yake.

Ukiondoka, mwachie DVD. Akikuuliza kama anaruhusiwa kumchomea jirani, mwambie anaruhusiwa. Mfundishe na mwendo wa 4.