Ming'oko ya Mheshimiwa

Mtu wa Ruangwa akishapata kitambi na gari Dar es Salaam, mbele ya wageni huagiza piza. Haya. Lakini mvizie Mbagala basi la kusini linapoingia: kofia imeshuka hadi puani, anapokea kiroba cha ming'oko kama anayepokea magendo. Mizizi ya porini, ya kuchemsha tu! Ukimkuta, atasema ni ya dada wa kazi.

Wa Nachingwea wana ugonjwa wao: kisamvu cha karanga. Karanga hizohizo Waingereza waliziletea matrekta na reli ya kutoka Mtwara, katika mradi ulioanzishwa Tanganyika mwaka 1947 na kutelekezwa 1951, pauni milioni 36 hivi zikiwa zimekwenda na maji. Bibi zetu, kwa jembe la mkono na bila mkopo wa yeyote, waliendelea kuvuna.

Sasa mjukuu anasaga kisamvu kwa blenda, anatia siagi ya karanga ya supamaketi, anaonja, anakunja uso. Anapiga simu kijijini.

"Bibi, wewe huwa unaweka nini?"

"Karanga, mjukuu wangu. Ila kinu changu hakipandi basi. Njoo utwange."