Jinsi ya Kumeza Kidonge cha Wasiwasi Bila Ploti Kujua

Mahitaji: Chumba kimoja cha mabati cha futi 10 kwa 10, Gatwekera au Laini Saba au popote Kibera panapovuja vizuri. Majirani kila upande, wanaojua umekohoa mara ngapi usiku. Kopo tupu la mafuta ya kupikia, kifuniko kikaze. Maji ya kunywa nusu kikombe. Kidonge kimoja cha amitriptilini, miligramu 25. Muda wa maandalizi ni miaka mitatu ya kusema "niko sawa".

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Wahenga hawakuishi kwenye ploti. Mimi ninaishi, na nauza mitumba soko la Toi, kwa hiyo sikiliza mtu mwenye uzoefu.

Hatua ya 1: Pimwa kila kitu kingine kwanza

Kwenye ploti yetu ugonjwa lazima uwe na jina linalofahamika. Malaria inaruhusiwa. Presha ina heshima, kwa sababu hata wabunge wanayo. Sukari ni ya watu waliowahi kula vizuri. Wasiwasi haumo kwenye orodha. Wasiwasi ni tabia ya mtu asiye na kazi za kufanya.

Kwa hiyo moyo wako unapoanza kuamka saa tisa usiku kabla yako, ukikimbia kama mtu aliyesikia tingatinga, usikurupuke kusema ni wasiwasi. (Tingatinga ni mfano tu, ingawa Julai 2018 zilikuja kweli kupitisha barabara, na maelfu ya watu wa Kibera wakalala nje.) Nenda ukapimwe. Nilipimwa malaria, sina. Nikapimwa taifodi, nikapatikana nayo, maana sijawahi kusikia mtu aliyepimwa taifodi Nairobi akakosa. Nikamaliza dozi ya antibiotiki. Moyo ukaendelea kuamka saa tisa, sasa ukiwa na tumbo la kuhara kando yake.

Hatua ya 2: Usitibiwe mtaani kwako

Hii ndiyo kanuni kuu. Mtu wa Kibera hutibiwa Kawangware, na mtu wa Kawangware huja Kibera. Mbinu si yangu. Waliotangulia kumeza ARV ndio walioifungua njia hii, zama zile watu walipokuwa wakilitamka neno hilo kwa kunong'ona.

Panda mpaka Ngong Road, shika njia hadi Dagoretti Corner, kisha uingie Naivasha Road. Nenda kwa miguu. Kwenye matatu utakutana na shemeji. Ukiulizwa, unafuata mteja.

Nilifuata kanuni hiyo kikamilifu. Nikafika kwenye kituo cha afya, nikaketi kwenye benchi, nikageuka, na aliyekuwa kando yangu ni fundi viatu wa ploti yetu, mlango wa tatu kutoka kwangu.

"Ni jino," akasema kabla sijamsalimu.

"Hata mimi," nikamjibu.

Tukakaa tumeshika mashavu, yeye la kulia, mimi la kushoto, mpaka jina lake likaitwa kwenye chumba chenye bango la afya ya akili. Akainuka akaingia, mkono bado shavuni.

Ndani utaulizwa maswali 7 kuhusu wiki 2 zilizopita: umekosa utulivu mara ngapi, umeshindwa kuzuia mawazo mara ngapi, na kadhalika. Kila swali lina alama 0 hadi 3. La mwisho linauliza kama umekuwa ukiogopa kwamba jambo baya litatokea.

"Daktari," nikauliza, "mbali na haya yanayotokea sasa?"

Jumla ya juu kabisa ni 21, na kuanzia 15 wasiwasi huhesabiwa kuwa mkali. Nilipata 17. Tangu niache shule sijawahi kufanya vizuri hivyo kwenye mtihani.

Daktari hakucheka. Alisema hofu ya kawaida huja na sababu yake na kuondoka nayo. "Kodi yako ni tarehe 5," akaniambia. "Wewe unaanza kuiogopa tarehe 6." Akaandika amitriptilini, akanieleza kwamba ni dawa ya sonona, lakini hutumika pia kwa wasiwasi. Nikatoka nikiwa na pakiti mfukoni na mkono shavuni.

Hatua ya 3: Chagua uongo unaoweza kuulisha

Ukionekana unameza kidonge kila usiku, ploti itataka maelezo. Nilichagua presha. Mwanzoni ulikuwa uongo mzuri: nilihurumiwa, nikapewa kitunguu saumu, nikapunguziwa chumvi kwenye githeri ya watu.

Sikukumbuka mashine. Septemba 2023 serikali ilianza kuwagawia wahudumu wa afya wa jamii, wapatao 100,000 nchi nzima, mikoba yenye kipima presha na kipima sukari. Jumamosi moja mhudumu wetu akatua na mkoba wake karibu na bomba la maji, ploti nzima ikapanga foleni.

"Anzia huyu," mama wa mandazi akapaza sauti. "Ana presha mbaya!"

Nikafungwa mkono. Mashine ikavuta pumzi, ikashusha, ikaonyesha 118 juu ya 76.

"Presha imepona?" mama wa mandazi akauliza. "Kaka, hizo dawa ni gani? Hebu nami nigawie." Kabla mtungi wa lita 20 haujajaa, watu watatu walikuwa wameomba kidonge, mmoja akiahidi kulipa kwa salio la simu.

Mhudumu akaomba aone pakiti. Nikaileta. Akaisoma mbele na nyuma, kisha akanitazama kwa muda.

"Hii ni ya presha ya ndani," akawatangazia. "Haipimwi kwa mkono. Na haiazimwi."

Watu walipotawanyika akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, lakini unalala?" Mwaka mzima niliulizwa habari za chumvi. Usingizi aliuliza yeye peke yake.

Alichosema kuhusu kuazima ukiandike ukutani. Amitriptilini ikizidi kipimo huvuruga mapigo ya moyo na inaweza kuua, mtoto hasa. Ndiyo maana ya lile kopo lenye kifuniko kinachokaza: lining'inie juu, mbali na mikono midogo, hata kama chumba chako hakina mbali.

Hatua ya 4: Madhara yapangie bajeti

Madhara yatatangulia nafuu, kama mgeni anayefika kabla ya chakula kuiva. Yageuze kuwa faida.

Kinywa hukauka. Utakunywa maji kama ngamia, na maji Kibera hununuliwa kwa mtungi. Andika hiyo kwenye matumizi. Kwa upande wa mapato, dawa hufunga choo, na choo chetu ni shilingi 10 kila ukiingia. Mwezi wa kwanza hesabu zangu zilikaribia kulingana.

Usingizi utakuwa mzito. Mvua itapiga mabati, mlevi wa jirani ataimba, wewe hutasikia. Asubuhi kichwa kitakuwa kama beli la mitumba ambalo halijafunguliwa, na nusu ya kamera, yaani zile nguo za daraja la kwanza, zitakuwa zimeshachukuliwa na walioamka mapema. Niliporudi kulalamika, daktari alinisogezea saa ya kumeza ikawa mapema jioni.

Kisha utanenepa. Kwingineko kunenepa ni tatizo la afya. Kibera ni tangazo la utajiri. Nilipoongeza kilo nne, watu wawili walikuja kukopa na mwenye nyumba akaanza kunisalimia kwa tabasamu.

Fundi viatu ana fluoksetini, miligramu 20, anayoimeza asubuhi. Yake ilimpa kichefuchefu wiki za kwanza, kisha ikampunguzia hamu ya mambo ya chumbani. "Ndugu yangu," aliniambia tukipita Dagoretti Corner, "wasiwasi wa zamani umeisha. Sasa nina huu mpya." Hilo nalo mwambie daktari bila haya, maana dozi hurekebishwa na dawa hubadilishwa. Daktari wake alikuwa amelisikia jambo hilo mara nyingi kuliko habari za meno.

Pombe acha. Amitriptilini na chang'aa zote hulaza, na mtu aliyelazwa na zote mbili huenda asiamke. Kataa kwa kusema uko kwenye antibiotiki. Hakuna Mkenya anayebishana na antibiotiki.

Hapa kejeli ikae pembeni kidogo. Kuna watu, hasa walio chini ya miaka 25, ambao wiki za mwanzo za dawa hizi huwaletea mawazo ya kujidhuru. Yakija, usingoje siku ya kliniki. Rudi siku hiyo hiyo, au piga 1199, nambari ya bure ya Msalaba Mwekundu. Kwa miaka mingi sheria yetu ilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, hadi Januari 2025 Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Watu walizoea kunyamaza kwa kuogopa polisi. Wewe usinyamaze.

Hatua ya 5: Peleka sadaka, dawa ibaki nyumbani

Mtu wa kanisani atakwambia una pepo wa woga na kukuomba uweke vidonge madhabahuni. Pokea maombi yote. Hayagongani na dawa yoyote ninayoijua. Pakiti ibaki kwenye kopo.

Mama yako atapiga simu kutoka ushago akilia kwamba unapelekwa Mathari. Hospitali hiyo ya wagonjwa wa akili ilianzishwa 1910, na kwa zaidi ya miaka 100 jina lake limekuwa tusi la kumtupia mtu kwenye matatu. Usibishane na mama. Mweleze kwamba miaka ya 1950, kule New York, wagonjwa wa kifua kikuu walipewa dawa mpya ya mapafu, wauguzi wakashangaa kuona watu waliokuwa hoi wanachangamka, wengine wanacheza wodini. Hivyo ndivyo moja ya dawa za kwanza za sonona ilivyogunduliwa. Mama yangu alimuuguza babu TB, anazijua dawa zake. "Kumbe ni za ukoo mmoja," akasema, akakata simu akiwa ametulia kuliko mimi.

Mama akisema pia utafute mtu wa kuzungumza naye, yuko sahihi. Shirika la Afya Duniani lina mpango wa mazungumzo wa vikao 5, uliojaribiwa hapa Nairobi kwa wanawake waliowahi kutendewa ukatili. Walioongoza vikao walikuwa wahudumu wa afya wa jamii, wasio na shahada ya saikolojia. Matokeo yalichapishwa 2017: waliopitia vikao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Wahudumu wa namna hiyo hiyo ndio wanaotua karibu na bomba.

Hatua ya 6: Usingoje furaha

M-Pesa hufika kabla hujafunga simu. Dawa hii huchukua wiki 2 hadi 6, na wataalamu wenyewe hawajamaliza kubishana inafanyaje kazi. Ukitarajia kuamka unaimba, utaitupa siku ya kumi.

Yangu ilijitambulisha wiki ya tano. Mwenye nyumba aligonga mlango tarehe 5, na moyo wangu ukabaki mahali pake. Kodi sikuwa nayo, sawa na mwezi uliotangulia. Mwezi uliotangulia nilizima taa, nikalala chini ya kitanda na watu wazima wenzangu wakanisikia nikipumua. Safari hii nilifungua mlango nikasema, "Mzee, nipe siku tatu." Akanipa mbili.

Kidonge hakikulipa kodi. Hakikuziba bati wala kuzuia Toi kuungua tena. Atakayekwambia dawa inatibu umaskini, mwangalie mfuko. Ila mtu anayedaiwa anahitaji sauti ya kuongea na anayemdai, na yangu ilikuwa imepotea.

Hatua ya 7: Jinsi ya kuacha

Hatua hii niliifanya vibaya, basi isome mara mbili. Mwezi wa sita nilijiona nimepona. Siku hiyo kituoni niliambiwa dawa zimeisha, nirudi baada ya wiki mbili au ninunue kwenye duka la dawa. Nikaona ni ishara, nikaacha. Siku chache baadaye nilikuwa na kichefuchefu, jasho na usingizi wa vipande vipande. Saa tisa usiku ikarudi, na moyo wake.

Fundi viatu ndiye aliyegonga. Mabati yetu hayafichi hatua za mtu anayezunguka usiku. "Ndugu," akasema, "jino limerudi?" Asubuhi tukashika njia ya Kawangware.

Daktari alinianzisha tena, akanipa masharti: nikipata nafuu niendelee miezi mingine 6 angalau, kisha tupunguze kidogo kidogo, yeye akijua. Kibera kila kitu hukatika ghafla. Stima hukatika, maji hukatika, kazi hukatika, na mwaka 2008 hata reli iling'olewa. Dawa hii usiikate hivyo. Ikibaki ya siku saba kwenye kopo, anza safari ya kwenda kuchukua nyingine.