Mwongozo kwa Baunsa Anayepanda Chome

Hongera. Umenyanyua vyuma mwaka mzima, mikono ya fulana inakubana, na kila ukipita mbele ya kioo cha duka unajigeuza kidogo kukagua bega. Mwalimu wa jimu amekwambia kwamba sasa unajiamini. Hatumpingi. Tunakuomba tu usome maelezo haya kabla hujashuka basi pale Makanya, kwa sababu kujiamini kwa tambarare kuna tabia ya kukomea lami inapokomea.

Fulana ya kukata mikono iache nyumbani. Makanya ni nchi ya mkonge, jua na vumbi. Hapo kifua chako kitaonekana vizuri. Huko juu Chome, kwenye milima ya Upare, kuna ukungu na baridi. Utavaa sweta, na kifua kilichokugharimu trei kwa trei za mayai kitafanana na cha mtu yeyote mwenye sweta.

Njiani utakutana na mama wa rika la shangazi yako, ngata kichwani, mzigo wa kuni juu ya ngata, anapanda huku anapiga soga na mwenzake aliye nyuma. Mwamkie. Ataitikia, "Marahaba mwanangu, hujambo? Umetokea wapi? Wazazi hawajambo?" Kisha atasubiri majibu. Hapo ndipo mabaunsa wengi huumbuka, maana pumzi ya kujibia hawana. Adabu inataka umpokee mzigo, naye atakupa bila ubishi. Tatizo ni hatua chache baadaye, atakapouomba tena kwa sauti ya huruma.

Usijilaumu. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliowapima wanawake wa Kijaluo na wa Kikikuyu, nchini Kenya, wakitembea na mizigo. Wajaluo kichwani, Wakikuyu kwa kamba ya kwenye paji la uso. Mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuwaongezea nguvu walizotumia kutembea. Tena hao walipimwa kwenye tambarare. Mama uliyekutana naye hajapimwa na mtu, na hana habari kwamba anafanya mazoezi.

Mzee mmoja atakuuliza hiyo misuli unaifanyia kazi gani. Ni swali la kawaida, halina kejeli, na ndiyo maana linauma. Usijibu "afya". Usijibu "muonekano". Sema bado unaitafutia kazi, na utapatiwa.

Kazi yenyewe huenda ikawa msaragambo, yaani kijiji kizima kinatoka kuchimba barabara, kujenga darasa au kuzoa tope ndani ya ndiva, lile bwawa ambalo Wapare hukinga maji usiku ili asubuhi wayafungulie mifereji ya mashamba. Nenda. Utagundua kwamba jembe halina seti wala mapumziko ya dakika mbili. Wataalamu wa mazoezi wanajua kuwa nguvu za majuma ya mwanzo hutokana zaidi na neva kujifunza kazi kuliko misuli kunenepa. Za kwako zimejifunza vyuma; jembe hazijawahi kulisikia. Sugu zako za viganjani nazo ziko mahali pasipogusa mpini. Ukipewa ndoo badala ya jembe, ipokee kwa shukrani. Jumamosi usijitie kupiga pushapu barazani kwa watu: Upare ya Kusini ina Wasabato wengi, wamisionari wao walifika tangu 1903, na siku hiyo hata jembe limepumzika.

Usije ukaona watu hawajitutumui ukadhani hawajiamini. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare waliteremka milimani kwa miguu hadi Same, makao makuu ya wilaya, kuikataa kodi ya mkoloni iliyoitwa mbiru. Walikaa hapo majuma kwa majuma, hadi ofisi ya mkoloni ikachoka kuwatazama, na hatimaye kodi ikaachwa. Profesa Isaria Kimambo aliandika kitabu kizima juu ya mkasa huo. Hakuna mahali panapotajwa ukubwa wa vifua vyao.

Mwisho utataka kufika kilele cha Shengena, mita 2,463, ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Chome. Lipa kibali kwa watu wa misitu na uchukue kijana wa kijijini akuongoze. Hutamfikia, ila mgongo wake utauona. Kupanda utaweza. Kinachovunja watu ni kushuka, kwa sababu misuli ya mapaja hufanya kazi ya breki huku inavutwa, na mvuto huo ndio unaoichanachana kwa ndani. Maumivu hayaji siku hiyo; hukomaa siku moja au mbili baadaye. Na vyoo vya vijijini vingi ni vya kuchuchumaa. Jipange mapema.