Mwezi, Bamvua na Abiria wa Siku Moja

Safari ya siku moja baharini, ambayo katika Mji Mkongwe wa Unguja huanzia ufukweni Forodhani au Mizingani asubuhi na kurejea papo hapo kabla ya Magharibi, imesimama juu ya dhana mbili: ya kwanza ni kwamba bahari itakuwepo mahali ilipoachwa jana jioni, na ya pili ni kwamba abiria, kwa kuwa amezaliwa hatua chache kutoka majini, anajua kuogelea. Dhana ya pili haihitaji uchunguzi mrefu, maana hujibiwa mara tu abiria anapoombwa aliachie jaketi la kuokolea alilolikumbatia. Ya kwanza ndiyo yenye elimu ndani yake.

Maji ya Unguja hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda unaozidi siku moja kidogo, na tofauti baina ya kujaa na kupwa hufikia takriban mita 4 wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ambapo jua na mwezi huyavuta maji kwa pamoja. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hiyo hupungua sana. Katika sehemu nyingi za Bahari ya Mediterania maji hayapandi hata nusu mita, kwa hiyo mtalii wa Kitaliano anayeuliza bahari imepelekwa wapi hana kosa. Mwenyeji hana udhuru huo, kwa kuwa yeye ndiye anayepanda darini kuutafuta mwezi wa Ramadhani na kubishana na jirani yake juu ya mwezi wa Idi, kisha akakodi boti mwezi 15 bila ya kukumbuka kwamba mwezi huo huo alioupigania ndio unaompangia nahodha saa zake.

Siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi. Miadi ya kuondoka saa tatu, ambayo kwa desturi hutimizwa saa nne baada ya kumsubiri shangazi aliyerudi nyumbani kufuata chupa ya chai, huikuta boti imepwelewa. Kupwelewa ni kuachwa kwa chombo juu ya mchanga na maji yanayoondoka, na mwanaisimu atatambua kwamba kitenzi hicho kimewekwa katika kauli isiyomtaja mtenda, hivyo nahodha hawezi kulaumiwa kisarufi. Kauli yake ya kawaida wakati huo, “Tulieni, maji yanakuja,” ni sahihi kisayansi, ingawa haielezi kwamba yatajaa saa kumi alasiri. Abiria basi hukunja suruali na kuinua mabuibui, wakatembea kwenye tope hadi kwenye boti nyingine inayoelea mbali zaidi, huku sufuria ya pilau ikibebwa kwa uangalifu ambao bibi wa familia hakuupata.

Kisiwa cha Changuu kinaweza kupitiwa upesi. Jela iliyojengwa huko miaka ya 1890 kwa agizo la Lloyd Mathews, waziri wa kwanza wa serikali ya Sultani, haikutumika kufungia wahalifu bali iligeuzwa karantini, na kobe wakubwa wenye asili ya Aldabra, ambao wa mwanzo wao walitoka Shelisheli mwaka 1919, ndio wakazi pekee wasioulizia boti itaondoka saa ngapi.

Matumbawe hutazamwa kwa miwani inayofunika macho na pua, pamoja na mrija wa kuvutia hewa kwa mdomo. Kasoro ya miwani hiyo ni kwamba haielewani na masharubu, kwani nywele huzuia mpira kushika ngozi, na hivyo kile ambacho nchi kavu ni heshima ya mzee, majini huwa ni mfereji. Aliyekunywa maji hutafuta pa kusimama, akasimama juu ya matumbawe, jambo linaloyavunja na ambalo wahifadhi wamelikataza kwa haki. Adhabu, hata hivyo, hutolewa papo kwa papo na yule mnyama wa mviringo mwenye miiba mirefu myeusi inayokatikia ndani ya unyayo. Dawa ya wavuvi ni utomvu wa papai bichi. Papai linalopatikana botini ni lililoiva, limekatwa vipande, na limekwisha kuliwa.

Chakula cha mchana huandaliwa kwenye Nakupenda, ambalo ni fungu, yaani mchanga unaojitokeza maji yanapopwa na kufunikwa yanapojaa. Jina hilo huwavutia maharusi, lakini katika siku za bamvua mapenzi yake yana mipaka: saa sita mikeka hutandikwa kwa nafasi, saa nane familia zisizojuana huwa zimekwisha kusogeleana hadi kuonjana pweza, na kufikia saa tisa kinachojadiliwa ni nani atakayebeba sufuria. Kwa hiyo msomaji anayekwenda Forodhani kukodi boti amuulize nahodha tarehe ya mwezi kabla ya kumuuliza bei, kwa sababu bei hupunguzwa.